Maswali ya Wasomaji: Maji Yamegeuka Kijani

Barua kuhusu maji ya ziwa na ya bwawa yanayogeuka kijani zimerundikana, kwa hiyo safu ya toleo hili tumeiachia mada hiyo peke yake. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. La kuchemsha limeulizwa kuliko yote, basi tuanze nalo.

Maji ya bwawa tunalochota yamekuwa ya kijani kizito tangu mvua zipungue. Nayachuja kwa kitambaa, nayachemsha dakika kumi, ndipo nawapa watoto. Je, inatosha? – Mama wa watoto wawili

Haitoshi, mama. Kwa maji ya namna hiyo, kuchemsha kunaweza hata kuongeza madhara.

Kinachoyapa maji rangi hiyo mara nyingi ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, ndiyo maana wengi huwaita mwani. Si wote wenye sumu, ila walio nayo huiweka ndani ya seli zao. Anayekutikana sana ni Microcystis, na sumu yake, mikrosistini, hushambulia ini. Molekuli ya sumu hiyo ina umbo la pete iliyofungamana barabara, na joto la maji yanayochemka haliivunji. Kinachopasuka ni seli. Kabla ya moto, sehemu kubwa ya sumu ilikuwa imefungiwa ndani ya vijipande vya kijani ambavyo chujio zuri lingevikamata. Baada ya moto imeyeyuka majini, na hakuna kitambaa kitakachoizuia. Tena maji hupungua kwa mvuke lakini sumu haipungui: sufuria ya lita nne ikikauka hadi lita tatu, sumu yote imebaki katika hizo lita tatu.

Kiasi gani ni kingi? Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote, na mikrogramu 12 kwa dharura ya wiki mbili hivi, wakati maji mengine yanatafutwa. Hesabu hizo ni za mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita mbili kwa siku. Mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga hunywa maji mengi sana kwa uzito wake, ndiyo maana mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwa kipindi cha siku kumi, imeshusha kiwango cha walio chini ya miaka sita hadi mikrogramu 0.3, na kuwawekea wakubwa 1.6. Sasa linganisha na utando mzito uliosukumwa ufukweni, ambao vipimo vyake hufika maelfu ya mikrogramu kwa lita.

Hata miji yenye mitambo mikubwa imenaswa. Agosti 2014, jiji la Toledo, Marekani, linalovuta maji Ziwa Erie, liliwaambia wakazi wapatao nusu milioni wasinywe maji ya bomba na wasijaribu kuyachemsha. Katazo lilidumu takriban siku tatu.

Basi kwa watoto tafuta maji yasiyotoka bwawani: kisima kirefu kilichofunikwa, mvua iliyokingwa kwenye paa safi, au maji ya chupa. Hayo, yakiwa na shaka ya vijidudu vya kuhara, ndiyo ya kuchemsha. Kisima kifupi kilichochimbwa hatua chache kutoka ukingo wa bwawa tusikihesabu, kwa sababu maji yake hayajapita kwenye udongo wa kutosha.

Mimi huweka vidonge vya klorini badala ya kuchemsha. Na kamati yetu ya maji inataka kumwaga mrututu bwawani uue ule ukijani. Mnashauri nini? – Mjumbe wa kamati

Mrututu kwanza, ndugu mjumbe, ile chumvi ya shaba ya rangi ya bluu, maana hapo ndipo pa hatari. Usimwagwe katika bwawa ambalo watu wanaendelea kuchota.

Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Queensland, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu kuondoa mwani. Siku chache baadaye zaidi ya watu 100, wengi wao watoto, waliugua: ini lilivimba, wakatapika, figo zikasumbuka, na baadhi yao wakaharisha damu. Mrututu ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa. Uliwaua bakteria, wakapasuka, wakamwaga kila walichokuwa nacho. Sumu yenyewe ilikuja kupewa jina mwaka 1992, silindrospemopsini. Bakteria aliyeitoa hana desturi ya kuelea juu na kutanda. Hujitawanya katika kina chote, na maji yanaweza kuonekana ya hudhurungi tu, au yamefifia kidogo. Kwa hiyo anayesubiri kuona utando ndipo ashtuke, kwa aina hii anaweza kusubiri bure.

Klorini nayo ina mahali pake, ila mahali hapo ni mwishoni. Ukiitia kwenye maji ya kijani hutokea mambo mawili. Seli hupasuka, na papo hapo klorini humalizwa na ule uchafu wote wa kijani kabla haijaigusa sumu. Kidonge kimepimwa kwa maji maangavu. Maji yakiwa yameshaondolewa seli, klorini huivunja mikrosistini vizuri kwa masharti matatu: pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe chini ya 8, muda usipungue dakika 30, na mwisho wa muda huo klorini huru, yaani ile ambayo haijatumika, iwe bado angalau miligramu 0.5 kwa lita. Silindrospemopsini nayo huvunjika. Anatoksini, sumu ya mishipa ya fahamu, hapo klorini haifui dafu.

Mtambo wa maji unaojua kazi hufuata mpangilio huu. Mdomo wa bomba la kuvutia maji hushushwa chini ya tabaka la kijani. Klorini ya mwanzoni husimamishwa. Shabu hutiwa ili seli zishikamane na kuzama zikiwa nzima; tope lake huondolewa upesi, kwa maana likilala kwenye tangi seli hufa na sumu hurudi majini. Baada ya hapo maji hupita kwenye mchanga, unga wa mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu uwe na vitundu vingi vya kunasa kemikali, hutumika kushika kilichoyeyuka, na klorini hufunga kazi. Mkaa amilifu wa mbao, wenye vitundu vya ukubwa wa kati, huishika mikrosistini kuliko wa vifuu vya nazi, ambao vitundu vyake ni vidogo mno kwa molekuli hiyo. Mnunuzi wa mtambo asipouliza hilo, muuzaji hatamwambia.

Chujio la nyumbani je? – Wasomaji wengi

La udongo wa kuchoma hukamata seli nyingi lakini sumu iliyoyeyuka hupita. Zaidi ya hapo, seli zilizokwama juu ya udongo hufia humo humo na kuvujia chini, kwa hiyo lisipooshwa mara kwa mara linaweza kutoa maji mabaya kuliko uliyoyamimina. La mkaa amilifu husaidia kama mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba limepimwa kwa mikrosistini na kutaja idadi ya lita. Idadi hiyo ikipita, kichungi ni cha kutupa. Mkaa wa jikoni uliopondwa si mbadala. Mitambo inayosukuma maji kwa shinikizo kupita utando mwembamba, ile ya kuondoa chumvi, huondoa sumu hizi kwa kiasi kikubwa mradi utando haujatoboka. Kuanika chupa juani hakufai.

Pasipo na maji mengine kabisa, chota kwa mashua mbali na ufuko, upande upepo unakotokea, ukishusha ndoo iliyofunikwa kina cha mkono mmoja au zaidi chini ya uso. Yapitishe taratibu kwenye chujio la mchanga lililokomaa, lenye ule utelezi wa juu, kwani vijidudu vya utelezi huo hula sumu, kisha ndipo utie klorini. Hiyo ni kupunguza hatari. Mtoto mchanga asipewe hata hayo.

Nitajuaje kama ukijani wa bwawani kwangu ni huo wenye sumu au ni majani tu ya majini? – Mwenye shamba

Kwa macho unaweza kukisia kama ni sianobakteria au la. Kama wana sumu, ni maabara pekee itakayosema, kwa sababu aina moja katika bwawa moja inaweza kuwa na sumu juma hili na juma lijalo isiwe nayo. Harufu haisaidii pia: ile ya udongo au ukungu hutokana na kemikali nyingine, na maji yasiyo na harufu yamewahi kukutwa na sumu.

Vaa glovu za mpira ndefu. Chukua kijiti, kichovye na ukiinue polepole. Kikitoka kimeninginiza nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa, kama kilichozamishwa kwenye kopo la rangi ya mafuta, washuku sianobakteria. Vijani vya mviringo vyenye kamzizi chini ni magugumaji.

Kisha jaza maji robo tatu ya chupa ya kioo, si kwa kukomba utando bali kwa kuzamisha mdomo wa chupa chini kidogo ya uso. Futa nje, funga, iweke ndani ya jokofu bila kuitikisa hadi kesho yake. Ikiwa kijani kimepanda na kufanya pete juu, huku maji ya chini yakiwa meupe, yaelekea ni sianobakteria, kwani wengi wao wana vifuko vya hewa ndani ya seli. Kikilala chini, huenda ni mwani mwingine. Jaribio hili hudanganya katika hali mbili: chupa ikitikiswa, na kwa zile aina zisizoelea tulizozitaja juu.

Vifuko hivyo hueleza pia kwa nini asubuhi tulivu maji hutanda kijani na mchana utando haupo. Usiku hupanda, jua likiwaka seli hujijaza wanga na kushuka, na upepo huwachanganya. Upepo mwepesi huwasukuma wote upande mmoja, na pale ufukoni hujazana hata mara elfu kuliko katikati ya ziwa.

Watoto huogelea ziwani na mmoja ametoka vipele. Tuwazuie hadi lini? – Baba

Wakiwa wameona utando, au wakiingia maji ya kijani hadi magotini na kushindwa kuona nyayo zao, wasiogelee, wasicheze ufukoni, wala wasipande boti ya kasi inayorusha manyunyu usoni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kuogelea ni mikrogramu 24 za mikrosistini kwa lita, na kimetokana na mtoto wa kilo 15 anayemeza robo lita ya maji akicheza. Mzazi yeyote anajua robo lita si kitu kwa mtoto anayepiga mbizi.

Vipele, macho mekundu, kikohozi na kutapika hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Mwogesheni kwa maji safi na sabuni, pamoja na chini ya nguo ya kuogelea ambako seli hukwama. Mpelekeni hospitali bila kungoja akilegea, akipata manjano ya macho, mkojo ukawa mweusi, midomo ikafa ganzi, au akapumua kwa shida. Mwambieni daktari kuhusu ziwa kabla hajauliza, kwa kuwa dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine kadhaa. Dawa ya kuzimua sumu hizi haipo. Daktari hutibu ini, pumzi na upungufu wa maji mwilini.

Na hadi lini? Ukijani ukiisha ongezeni majuma mawili hivi. Siku bakteria wanapokufa kwa wingi ndiyo siku maji yanapopata sumu nyingi iliyoyeyuka, na kwa macho yanaonekana yamepona.

Ng'ombe wangu hunywa lamboni. Nao hudhurika? – Mfugaji

Hudhurika, na hufa. Habari ya kwanza ya kisayansi ya jambo hili ilitoka mwaka 1878, George Francis alipoandika katika jarida la Nature kuhusu mifugo iliyokufa kwa kunywa utando wa Ziwa Alexandrina, Australia. Mwaka 2020 zaidi ya tembo 300 walikufa Botswana, na serikali yake ikatangaza kuwa chanzo ni sumu ya sianobakteria kwenye madimbwi ya kunywea.

Ng'ombe hunywa ukingoni, na ukingoni ndiko utando unakolala. Weka uzio, uvute maji kwa bomba kutoka kina cha kati, mdomo wake ukiwa umeelea kwenye boya nusu mita chini ya uso, hadi kwenye birika. Birika lioshwe. Kama huwezi, wahamishie upande upepo unakotokea. Ng'ombe aliyelegea, anayetetemeka au anayekimbilia kivuli huku ngozi yake nyeupe ikibabuka kwa jua, ini lake limeguswa. Mwondoe juani, mwite daktari wa mifugo.

Mbwa wako hatarini zaidi hata ya ng'ombe. Hunywa, hutoka, kisha hujilamba manyoya yaliyoganda seli. Anatoksini inaweza kumwua ndani ya saa moja. Mwoshe kabla hajajilamba.

Samaki wa maji hayo waliwe? – Mvuvi

Waliokutwa wamekufa au wanaelea hoi, hapana. Walio hai na wenye nguvu wanaweza kuliwa kwa uangalifu. Sumu hujikusanya kwenye ini, utumbo na figo, kidogo kwenye mnofu. Watoe matumbo mara moja na kabla ya kuwagandisha, maana barafu ikiyeyuka sumu ya tumboni huhamia kwenye nyama. Suuza mnofu kwa maji safi, si ya ziwani. Usipike samaki mzima, na mchuzi wa vichwa na matumbo uache msimu huu, kwani mapishi hayaondoi sumu. Kome wa maji baridi wasiliwe kabisa. Wao huchuja maji kutwa nzima.

Bustani ya mboga nayo isimwagiliwe maji hayo kwa kunyunyizia majani, hasa mboga zinazoliwa mbichi.

Kituo chetu cha afya husafisha damu ya wagonjwa wa figo, na maji hutoka ziwani. Kuna tahadhari ya pekee? – Muuguzi

Ndiyo, na ni nzito kuliko zote zilizo juu. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazil, kliniki moja ilitumia maji ya bwawa ambayo hayakusafishwa inavyotakiwa. Wagonjwa zaidi ya 100 walipata ugonjwa, na si chini ya 50 walikufa kwa ini kushindwa kazi. Mwenye kunywa ana utumbo unaozuia sehemu ya sumu; mgonjwa wa mashine hukutanisha damu yake na lita 120 au zaidi kwa kikao kimoja, utando mwembamba tu ukiwa kati. Viwango vya maji ya kunywa havimhusu. Kituo kiwe na mkaa amilifu wa hatua mbili mfululizo, na utando wa kuondoa chumvi baada yake, kisha kipewe taarifa na mamlaka ya maji siku ile ile ziwa linapobadilika rangi. Maji ya boza yasipokelewe bila kuuliza yamejazwa wapi.

Kwa nini bwawa letu kila mwaka, na la jirani halina? – Mwalimu wa sayansi

Angalia fosforasi, mwalimu. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada waligawa Ziwa 226 la Ontario kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni, upande mmoja wakaongeza fosforasi. Huo mmoja tu ndio uliogeuka kijani. Baadhi ya sianobakteria hukamata naitrojeni ya hewani wenyewe, hivyo kuwanyima mbolea ya naitrojeni peke yake hakutoshi. Ongeza joto la nyuzi 25 na zaidi, maji yasiyotembea, na mvua kubwa iliyoleta mbolea na samadi ikifuatwa na jua kali.

Tafuta basi inakoingilia: zizi lililo juu ya bwawa, choo, maji ya kufulia, shamba lililolimwa hadi ukingoni. Ukanda wa nyasi usiolimwa, wenye upana wa mita 10 au zaidi, hupunguza mengi. Fosforasi iliyokwisha zama kwenye tope hurudi majini miaka mingi, kwa hiyo mwaka wa kwanza msikate tamaa. Na mnaofuga samaki humo, chungeni alfajiri: ukijani unapokufa hewa ya majini huisha, samaki hupanda juu wakihema, na hapo kinachowaua si sumu.

Spirulina ya kuongeza nguvu ni sianobakteria. Niiache? – Msomaji

Spirulina yenyewe haijulikani kutoa mikrosistini. Tatizo ni sianobakteria wengine wanaoingia kwenye bwawa la kukuzia. Bidhaa za aina nyingine, Aphanizomenon, zinazovunwa kwenye ziwa la wazi la Upper Klamath, Oregon, zimewahi kukutwa na mikrosistini, na jimbo hilo likaweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa gramu. Nunua yenye cheti cha kipimo cha kila fungu. Watoto wasipewe.

Tunapeleka vipi sampuli maabara? – Mjumbe wa kamati, tena

Chupa ya kioo ya rangi nzito, nusu lita, safi. Plastiki hunyonya baadhi ya mikrosistini na kipimo hutoka chini ya ukweli. Chukueni mbili, moja kwenye utando na nyingine kwenye mdomo wa bomba la kuchotea, kwani ya kwanza huonyesha ubaya wa ziwa na ya pili huonyesha kinachonywewa. Acheni nafasi kidogo juu. Wekeni gizani kwenye kisanduku cha barafu bila kuzigandisha, zifike ndani ya saa 24. Andikeni saa, upepo ulikoelekea na kina. Ombeni kipimo cha sumu ya jumla, iliyo ndani ya seli pamoja na iliyoyeyuka; maabara ikichuja maji kwanza na kupima yaliyopita tu, jibu laweza kuja sifuri kwa bwawa lililojaa Microcystis.